Kichwa cha Watu Wawili

Siku ambayo msusi alimsuka mteja wake wa miaka mingi mtindo ambao hakuuagiza, hakukuwa na ugomvi. Mteja mwenyewe, mama wa makamo, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, kisha akacheka. Alisema aliagiza mistari ya kurudi nyuma, naye amepewa ya kuzunguka kichwa kama mkeka, lakini imempendeza, basi yaishe. Msusi naye akacheka. Akachukua ufagio akaanza kufagia vipande vya rasta vilivyotapakaa sakafuni, na huku akifagia alijirudia kimoyomoyo: mistari ya kurudi nyuma, mistari ya kurudi nyuma.

Hilo halikuwa la kwanza. Siku chache kabla yake aliacha pasi ya nywele ikiwaka juu ya meza, ikaunguza kitambaa na kujaza chumba moshi. Alimwita muuza vitambaa wa duka la pili kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Aliingia stoo akasimama katikati ya madebe ya mafuta ya nywele, mikono kiunoni, asijue amefuata nini. Akatoka. Akiwa mlangoni akakumbuka ni chanuo, akarudi, na alipofika ndani chanuo likampotea tena kichwani, kumbe alikuwa amelichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

Mtu mwingine angesema ni uchovu, akapiga mwayo, akaenda zake. Msusi hakuwa na raha hiyo, kwa sababu alimuuguza mama yake. Mama yake alishikwa na ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari huuita dimenshia, na ulianza hivyohivyo, kwa vitu vidogo vya kuchekesha. Sufuria ndani ya kabati la nguo. Swali moja kuulizwa asubuhi nzima. Mwisho wake ulikuwa kikongwe aliyeketi kitandani akisukwa na binti yake, akimwambia kwa adabu kama anavyoambiwa mgeni: “Una mikono mizuri, dada. Binti yangu naye ni msusi. Ila haji kuniona.”

Maneno hayo yalikuwa yamemkaa msusi rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Kila alipopotewa na neno, aliisikia sauti ya mama yake ikisema, haji kuniona.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, kalenda ya kampuni ya mafuta ya nywele, na mlango wa nyuma uliofunguka moja kwa moja kwenye uwanja alipofanyia kazi mumewe. Mume alikuwa seremala. Mtaani walimwita Fundi Milimita, maana katika ujana wake alikuwa radhi kubomoa kabati zima kwa sababu mlango umepishana na fremu kwa unene wa ukucha. Wateja wake walipitia saluni, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na kwa kupitia humo walizoea kumwachia msusi maagizo: mwambie Fundi droo ziwe pana, mwambie Fundi kitasa kibadilishwe, mwambie Fundi nitapita Ijumaa. Naye aliyabeba yote kichwani huku vidole vikisuka. Fundi alikuwa akitamba kwa watu kwamba mafundi wengine wana kalamu sikioni, yeye ana mke.

Msusi hakumwambia mtu hofu yake. Alianza kujipima kimyakimya. Akiwa amelala chali alitaja majina ya wateja wote wa wiki, kwa mpangilio, na akikwama kwenye mmoja alianza upya. Asubuhi aliamka macho mekundu, na kwa kutolala huko akasahau zaidi, na kwa kusahau zaidi akaogopa zaidi. Aliacha kupiga soga na wateja, yeye aliyejulikana kwa kuvunja watu mbavu, kwa sababu hadithi nzuri inahitaji majina, na majina ndiyo yaliyokuwa yakimkimbia. Wateja walidhani wamemuudhi.

Aliyemng'amua alikuwa binti yake, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mwingine. Alipiga simu kumjulia hali, akasikia mama anajibu kwa mkato, akamkalia kooni mpaka akamwaga yote: mistari, pasi, chanuo, na bibi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, “Mama, nenda ukaonwe. Ukiendelea kukaa nalo hivi, hofu itakumaliza kabla ya huo ugonjwa.”

Jioni hiyo, wakiwa mezani, msusi alipiga moyo konde akamwambia mumewe kwamba kichwa chake hakiko sawa na anataka kwenda hospitali. Alitarajia Fundi ashtuke, au amtanie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka kijiko chini, akamtazama kwa huruma kubwa mno, huruma ambayo msusi hakuizoea, akasema watakwenda pamoja. Siku ilipofika alikuwa wa kwanza kuvaa. Alivaa shati lake la kutokea na viatu vya ngozi, na njia nzima alimshika mkono kama wachumba.

Walikaa kwenye benchi la mbao ukutani, katika korido iliyonuka dawa ya kudekia. Msusi alikuwa amejiandaa kwa mashine. Alifikiri atalazwa kwenye kitu kama bomba, kichwa kipigwe picha, na picha itoke na doa jeusi mahali majina yalipokuwa. Alipoitwa ndani alikuta meza, viti vitatu, feni inayogonga kila inapogeuka, na daktari, mwanamke kijana aliyesukwa na mtu mwenye haraka. Msusi aliliona hilo kabla ya kuona jambo lingine lolote. Mistari miwili ya kushoto ilikuwa imelegea.

Daktari aliweka kalamu kando, akawauliza nani kati yao ndiye aliyetaka waje. Msusi akasema ni yeye. Je, kuna mtu mwingine aliyeona shida hiyo? Msusi akafikiri. Hapana, akasema, wengine hucheka tu. Anayeogopa ni mimi.

“Basi niambie, mama, mara ya mwisho uliposahau kitu ilikuwaje?”

Msusi alidhani swali hilo ni fupi, lakini mdomo ulipofunguka haukufungika. Alieleza habari ya pasi ya nywele: kwamba ilikuwa Jumanne, mvua imekatika muda si mrefu, kwamba alikuwa na bibi harusi kitini na mama wa bibi harusi nyuma yake akitoa amri, kwamba simu iliita, ilikuwa ya mteja wa mumewe akiulizia bawaba za mlango, akaiweka pasi mezani ili ashike simu kwa mkono mkavu, na aliponusa kuungua alidhani ni jirani anapika. Alieleza rangi ya kitambaa. Alieleza aibu yake. Daktari alimwacha aseme, na kila alipomaliza alimrusha mbele kwa swali jingine. Mara nyingine alimuuliza mambo matatu kwa mkupuo mmoja, amelala vipi, amekula nini, na wamefikaje hapa, naye msusi akayajibu yote matatu, hata akarudi nyuma kulisahihisha la kwanza.

Daktari akamgeukia Fundi. “Na wewe, mzee, nyumbani umeona nini?”

Fundi akatabasamu, tabasamu lake zuri la kupokelea wateja. “Mama huyu ni mchapakazi sana,” akasema. Daktari akamwomba mfano mmoja tu, siku moja ambayo mkewe alisahau kitu. Fundi akafikiri, akakuna shavu, kisha akageuza kichwa kumtazama mkewe. “Mwambie ile, mama watoto. Ile ya siku ile.” Na msusi, kwa mazoea, akaisimulia ile ya siku ile.

Baadaye daktari alimpa vipimo vidogo vya karatasi, kuchora saa, kukumbuka maneno, kuhesabu kwa kurudi nyuma. Msusi alitoka jasho kama mtoto wa shule, lakini alivimaliza. Fundi akaomba kwenda msalani, na mlango ulipofungwa daktari akavuta kiti karibu.

“Mama, nitakueleza nilichosikia,” akasema. “Umenisimulia kusahau kwako kama mtu anayesimulia sinema. Siku, hali ya hewa, nani alikuwepo, nani alipiga simu. Watu wenye ule ugonjwa unaouogopa, nikiwaomba mfano, mara nyingi hawanao. Husema wanasahausahau tu, au husema hawana shida yoyote. Nikiuliza mambo mawili pamoja, hujibu moja. Na wakikwama, humgeukia aliyewaleta ili awajibie.”

Akaendelea kusema kwamba mazungumzo peke yake hayatoshi, hivyo atamchukua damu aangalie tezi ya shingo, upungufu wa damu na vitamini, kwa kuwa hayo nayo huharibu kumbukumbu na yanatibika. Lakini alichokisikia leo, akasema, ni kichwa kilichochoka na kuogopa, wala hakuona dalili ya kichwa kinachopotea.

Msusi alipaswa kushusha pumzi. Badala yake aliutazama mlango aliotokea Fundi. Daktari alikuwa bado anamtazama, na sasa aliuliza taratibu, kama mtu anayepima maji kwa mguu kabla ya kuingia. “Nyumbani kwenu, nani ndiye anayekumbuka mambo?”

“Mimi,” akasema msusi.

“Mambo ya nani?”

“Ya wote wawili.”

Daktari akaichukua tena kalamu. Alimwandikia vipimo vya damu na kumwambia kwamba siku ya kurudi aje tena na mzee. Msusi alitoka nje akiwa na karatasi mkononi. Fundi hakuwepo kwenye benchi. Hakuwepo msalani. Alimkuta upande wa pili kabisa wa jengo, mbele ya wodi ya wazazi, amesimama katikati ya akina mama wajawazito akiwachekesha. Alipomwona mkewe uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyekuwa akizama akaona kamba. Akasema alikuwa akinyoosha miguu.

Njiani kurudi nyumbani Fundi alimuuliza mkewe daktari amesemaje. Msusi akamwambia ni uchovu. Fundi akamshukuru Mungu. Walipofika kona ya mwisho akamuuliza mkewe daktari amesemaje.

Kuanzia hapo msusi hakuwa na amani tena, wala haikuwa hofu aliyoizoea. Alianza kumsikiliza mumewe kama mtu anayesikiliza paa usiku wa mvua, akingoja tone. Aligundua mambo ambayo yalikuwepo mbele ya macho yake miaka kadhaa. Fundi hakuwa akijibu maswali, alikuwa akiyapokea vizuri. Akiulizwa habari za kazi husema kazi inakwenda. Akiulizwa fulani hajambo, husema unamjua tena yule. Alikuwa na utani kwa kila shimo, akiurusha juu ya shimo kama mkeka, na watu wakapita juu yake bila kutumbukia. Naye msusi ndiye aliyekuwa akishika pembe za mkeka. Alikuwa akimtajia jina la mgeni kabla mgeni hajaketi. Alikuwa akimkumbusha kipimo kabla hajakiuliza. Hakukumbuka ni lini alianza kazi hiyo, na hakuna aliyemwajiri.

Alijaribu kujiambia kwamba amechanganyikiwa kwa hofu, kwamba kwa sababu amekosa ugonjwa kwake anautafuta kwa mwenzake. Akamtetea mumewe kichwani kama wakili. Fundi siku zote alikuwa mtu wa mzaha. Wanaume ndivyo walivyo, wake zao ndio wanaokumbuka. Kisha akaamua kufanya jambo moja gumu kuliko yote: kunyamaza.

Siku hiyo alikuja mwokaji mikate wa mtaa wa juu, aliyekuwa ameagiza rafu ya kuanikia mikate. Alipita saluni, akamsalimia msusi, akasimama kwenye mlango wa nyuma kuzungumza na Fundi. Msusi alikuwa na mteja kitini. Vidole viliendelea, masikio yakahamia uani. Mwokaji akauliza rafu imefikia wapi. Fundi akasema inakwenda vizuri, mzee, usihofu. Mwokaji akauliza aliamua mbao ipi mwishowe, ile nyeupe au ile nyekundu, maana walikubaliana Fundi achague. Siku nyingine zote msusi angekwisha kudakia kwa jibu lolote. Aliuma ulimi mpaka ukamuuma. Alisikia Fundi akicheka, kisha akasikia hatua, kisha akaona kichwa cha mumewe kikichungulia mlangoni, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

“Mama watoto,” Fundi akasema, “tulisema ipi?”

Msusi hakuwepo kwenye mazungumzo hayo. Hakuwahi hata kujua kwamba kuna mbao mbili. Tulisema, akawaza, na neno hilo akalisikia sasa katika mara zote alizowahi kuambiwa. Alimtazama mumewe, naye Fundi akamtazama kwa macho ya kungoja, ya kuamini kabisa. Alitaka kusema nyekundu, basi, yaishe. Akasema, “Hilo silijui, baba watoto.” Uso wa Fundi ukabaki na tabasamu lake, lakini tabasamu lilikuwa limeachwa peke yake. Mteja kitini akauliza mbona ameacha kusuka.

Mwokaji alipoondoka, na mteja pia, msusi alifunga mlango wa mbele ingawa jua lilikuwa bado kali. Akachemsha chai, akaipeleka uani. Fundi alikuwa amekaa juu ya benchi lake la kazi, randa mapajani, hafanyi kitu. Msusi akaketi juu ya kigogo. Hakujua kuzungukazunguka, kwa hiyo alimuuliza swali lilelile aliloulizwa yeye.

“Niambie mara ya mwisho uliposahau kitu ilikuwaje.”

Fundi akasema alisahau kumwoa miaka kumi kabla, angekuwa tajiri wa furaha. Msusi akangoja. Fundi akasema seremala akisahau kitu kinaonekana, kabati linaanguka, na kabati lake gani limeanguka? Msusi akangoja. Kungoja huko kulimtesa kuliko kitu chochote alichowahi kufanya kwa mwili wake, kwa sababu kila uzi ndani yake ulitaka kumrushia kamba. Chai ikapoa. Fundi aligeuza randa akatazama chini yake, kwenye ulimi wa chuma, kama kuna maandishi.

“Sikumbuki,” akasema mwishowe, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake. “Siwezi kukupa mfano hata mmoja. Ninachojua ni kwamba mtu akinijia na swali, nakutafuta wewe.”

Msusi akamshika goti.

“Uliposema kichwa chako kinapotea,” Fundi akaendelea, bila kumtazama, “nilifurahi. Mungu anisamehe. Nilijiambia, afadhali, tuko wawili.”

Msusi alilia hapo, si kwa sauti. Fundi alimfuta machozi kwa mkono wenye vumbi la msasa, akamwacha na alama nyeupe mashavuni, kisha wote wawili wakaanza kucheka kwa sababu alionekana kama mtu aliyepakwa unga, na walicheka muda mrefu kupita kichekesho chenyewe.

Siku ya kurudi hospitali, majibu ya damu ya msusi yalionyesha upungufu kidogo wa damu, jambo la vidonge na mboga za majani. Daktari alilimaliza hilo haraka, akawapangia viti upya. Alimwomba msusi akae nyuma, karibu na dirisha, na kumwacha Fundi peke yake mbele ya meza. Akamwambia msusi waziwazi, mbele ya mumewe, kwamba kazi yake leo ni kutosaidia.

Mazungumzo yale hayakuwa marefu, lakini msusi aliyahisi kama kupanda mlima kwa magoti. Daktari alimuuliza Fundi habari za kazi yake. Fundi akaeleza vizuri jinsi ya kuchagua mbao, kusikiliza mlio wake unapoigonga, kuiangalia mishipa, na alikuwa fasaha, hata msusi akaanza kupata matumaini. Ndipo daktari akauliza anatengeneza nini wiki hii, na ni kwa ajili ya nani. Fundi akasema anatengeneza vitu vya watu. Watu gani? Akageuza kichwa. Kiti hakikumwezesha kumwona mkewe, ikabidi apinde kiwiliwili chote, mkono ukishika egemeo la kiti, na aliendelea kumtafuta kwa macho mpaka akampata. Msusi alitazama sakafu. Aliona vigae vya sakafuni vikitetemeka ndani ya machozi, na akajiona msaliti.

Baada ya hapo vilikuja vipimo vya kweli, damu, picha ya kichwa, daktari bingwa katika hospitali kubwa, na kurudi, na kungoja kwenye mabenchi mengine. Binti aliomba likizo akaja kukaa nao. Walikuwa na tumaini dogo walilolishikilia kwa meno, kwamba labda kwake pia ni vitamini, au tezi, au huzuni iliyojificha, maana waliambiwa mambo hayo huweza kujifanya ugonjwa wa kusahau. Haikuwa hivyo. Ulikuwa ni ugonjwa wenyewe, mwanzoni mwake. Bingwa aliwaambia hakuna dawa ya kuuondoa, kuna ya kuupunguza mwendo kwa baadhi ya watu, na kwamba kuujua mapema kumewapa nafasi ya kupanga mambo Fundi akiwa bado na usemi wake mwenyewe. Fundi alimsikiliza kwa heshima. Walipotoka nje alimuuliza binti yake huyo mtu ametaka nini.

Walipanga. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema msumeno wa umeme uondoke, kabla mtu yeyote hajathubutu kumwambia. Aliuzungushia waya wake vizuri, akamwita seremala mwenzake wa mtaa wa chini, mtu waliyeanza naye kazi ujanani, akamkabidhi. Rafu ya mwokaji waliimaliza wawili, mwenzake akishika futi na kusoma vipimo, Fundi akipiga randa na msasa, kwa sababu mikono ilikuwa bado inajua. Baadaye ikawa desturi: asubuhi Fundi huenda karakana ya mwenzake, kazi ya msasa humngoja, na mchana mwenzake humrudisha mpaka mlangoni. Wateja waliarifiwa kwamba maagizo sasa yanapelekwa huko. Msusi alipolisema hilo kwa mtu wa kwanza aliona haya, kama aliyefukuza wageni. Kwa mtu wa tatu aliona mabega yake yameshuka.

Kichwa chake kilirudi taratibu. Hakikurudi chote, maana hofu haitoki kwa kuambiwa itoke. Bado kuna siku jina humponyoka na moyo kumpiga paa, akasimama na chanuo hewani akilingoja. Hulingoja tu. Mara nyingi huja lenyewe akishaanza kuzungumzia kitu kingine. Analala. Soga zimerudi saluni, na mwalimu mkuu amemsamehe kosa ambalo hakuwahi kumkasirikia.

Kwa mumewe alijifunza kuzungumza upya. Daktari kijana alimfundisha asimuulize unakumbuka, kwa sababu swali hilo ni mtego, na aulize jambo moja, angoje, ndipo aulize jingine. Alijifunza pia kwamba kumsaidia si lazima kumjibia. Mara nyingine hukosea. Kuna siku humkatiza, humsahihisha mbele ya watu, na kisha hujilaumu siku nzima. Kuna siku humkasirikia kabisa, kwa jambo kama komeo lililoachwa wazi, na hasira hiyo humtisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana aliwahi kuwa nayo kwa mama yake.

Jumamosi moja alasiri saluni ilikuwa imejaa. Fundi alirudi kutoka karakana akaketi kwenye kiti kilicho wazi, akajizungusha kidogo kama anavyopenda. Mteja mmoja mgeni, msichana aliyekuwa akijiandaa kuolewa, alimuuliza walikutana vipi yeye na msusi. Msusi akakaza vidole, akajiandaa kudaka neno litakaloanguka. Fundi alianza kusimulia. Alisema alikuwa amekwenda kupiga bawaba kwenye nyumba ya watu, akamwona binti ameketi ngazini anamsuka mdogo wake, amevaa gauni la kijani. Alisema alipiga msumari ule mara nyingi kuliko ulivyohitaji ili asimalize kazi. Alisema mwenye nyumba alimuuliza kama mlango huo ni wa benki. Saluni nzima iliangua kicheko, na Fundi akang'aa usoni.

Msichana akamgeukia msusi, machozi ya kicheko machoni, akamuuliza kama ni kweli, hata hilo gauni la kijani.

Gauni lilikuwa la njano. Lilikuwa la mama yake, limepunguzwa kiunoni.

“Mimi nilikuwa nimelivaa tu,” msusi akasema. “Aliyekuwa akilitazama ni yeye.”